Magari ya Mbio ya Zamani na Mikono Inayoyajua

Hotuba kwa mafundi, wanafunzi wa ufundi na wamiliki wa magari ya zamani, Arusha

Wazee wangu, shikamooni. Wamiliki mliokubali kuyatoa magari yenu chini ya maturubai na kuyaleta hapa uwanjani, mafundi wenzangu wa Unga Limited, wa Sombetini na wale mliopanda basi alfajiri kutoka Moshi, vijana wa vyuo vya ufundi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimewahiwa na watu wazima, mabibi na mabwana: naomba niseme tu kwamba itifaki imezingatiwa, ili niingie kwenye shughuli iliyonileta.

Walioniita waliniomba nieleze historia ya magari ya mbio. Nitaieleza kwa kiasi, kwa kuwa bila hiyo hatutaelewana, lakini ninalotaka kulisimamia leo ni jingine. Nasema kwamba gari lililojengwa kwa ajili ya mbio huhifadhiwa kwa kukimbizwa, na kwamba haliwezi kukimbizwa mahali ambapo hakuna mikono inayolijua. Barabara tunazo, tena zenye jina. Mikono ndiyo ninayoihofia.

Nianze na nilichokiona kwa macho yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 70 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nyumbani kwetu Usa River, na mbio za magari za Safari Rally zilikuwa zinapita usiku wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika, majira ambayo mtu mwenye akili zake huliacha gari nyumbani. Tulisimama kandokando ya barabara, watoto kwa wakubwa, tumejifunika turubai moja, na kabla hatujaona taa yoyote tulisikia ngurumo ikipanda na kushuka kwa mbali kila dereva alipobadilisha gia. Gari la nne au la tano likapunguza mwendo na kusimama karibu kabisa nasi huku mvuke ukifuka chini ya boneti. Akashuka mtu mmoja, tope limemganda mpaka kwenye nyusi, akafungua boneti kwa kitambaa na kuonyesha kwa mkono kwamba anataka maji. Baba alikimbia na debe mpaka kwenye mfereji wa migombani akarudi nalo, na yule mtu akayamimina maji kidogo kidogo huku injini ikiendelea kuzunguka, kwa sababu, kama nilivyokuja kuelewa miaka mingi baadaye, ukimwaga maji baridi kwa pupa kwenye injini iliyochemka na kuzimwa unaweza kupasua silinda hedi. Mwenzake aliyebaki ndani hakushuka wala hakutuangalia. Alikuwa ameshika tochi na saa, akimhesabia. Walipoondoka, baba alibaki na debe lake tupu barabarani akasema, "Huyu hashindani na wenzake, anashindana na saa." Nimesikiliza maelezo mengi kuhusu mbio zile tangu wakati huo, na hayo ya baba bado ndiyo ninayoyashika.

Mbio zenyewe zilianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na zilipita katika nchi zetu tatu: Kenya, Uganda na Tanganyika. Waanzilishi walifanya jambo moja ambalo hunifurahisha mpaka leo: hawakuyagawa magari kwa ukubwa wa injini kama ilivyokuwa desturi Ulaya, bali kwa bei yake dukani, ili mtu aliyeweza kununua gari dogo ashindane na mwenzake wa kiasi kilekile. Mwaka 1960 zikaitwa East African Safari. Hapakuwa na barabara iliyofungwa kwa ajili ya washindani. Dereva alikutana njiani na lori la mkonge, basi la abiria, ng'ombe waliolala katikati ya njia, na mto uliovuka daraja lake usiku huohuo. Njia ilikaribia urefu wa kilomita 5,000, na kila gari lilikuwa na muda uliopangwa wa kufika kila kituo, likichelewa linahesabiwa adhabu. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakarudi 7. Mwaka 1968 yaliondoka zaidi ya 90, na mara hiyo pia yakarudi 7. Miaka yote miwili washindi walikuwa walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, wakiwa ndani ya Peugeot 404.

Huku kwetu njia hiyo ilipanda milima ya Usambara, kule Lushoto na Bumbuli ambako kona moja haijaisha nyingine imeanza, na ilipita kwenye ule mpando wa Magara unaotoka bonde la Ziwa Manyara kwenda Mbulu. Wazee mliowahi kuupanda Magara wakati wa mvua, gari linateleza kinyumenyume na korongo liko ubavuni, hamhitaji maelezo yangu. Kwa vijana niseme hivi: udongo wa mbuga ukilowa hushika tairi kama ugali ulioungua unavyoshika sufuria, na gari lenye nguvu nyingi huchimba shimo lake lenyewe na kuzama humo, wakati gari la nguvu ya wastani, likiwa na dereva mtulivu, hupita likijikongoja.

Ndiyo maana nimeomba ile Peugeot 404 nyeupe iegeshwe hapa karibu nami. Itazameni vizuri, maana kwa sura ni gari la mwalimu mkuu. Hata hivyo aina hii ilishinda Safari mara nne: mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Injini yake ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,618 tu, nayo imelazwa kwa pembe ya nyuzi 45, jambo linaloishusha boneti na pia kumpa fundi nafasi ya kufika kwenye manifoldi bila kukwaruza vidole. Difu yake, yaani gia za ekseli ya nyuma zinazogeuza nguvu ya injini kwenda magurudumuni, haitumii meno ya kawaida ya kona bali skrubu inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi, kitu kizito, kimya na kigumu kufa, ili mradi kipewe oili yake sahihi. Magari ya ushindani ya mwaka 1966 na 1967 yalikuwa na pampu ya kupulizia mafuta badala ya kabureta. Kwa kasi kwenye barabara nzuri yapo mengi yaliyoliacha. Lakini springi zake ni ndefu na laini, gurudumu linashuka ndani ya shimo na kutoka bila kumtupa dereva, na ndiyo sababu baadaye aina hiihii ikawa teksi na gari la abiria kote Afrika Mashariki, ikibeba watu wanane na mbuzi juu ya keria.

Na nani aliyeliendesha mwaka 1966 na 1967? Bert Shankland, akiwa na msoma ramani wake Chris Rothwell. Shankland alizaliwa Uskoti, lakini maisha yake yalikuwa Dar es Salaam. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu darasani ni dereva gani kutoka Tanzania aliyeshinda Safari Rally mara mbili mfululizo, nikapata majina ya wacheza mpira. Siwalaumu, sisi wakubwa ndio hatukusema.

Kuna mwingine ambaye fundi yeyote angepaswa kumjua, naye ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho nchini Kenya, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha kutumika mbioni kabla hawajaipata. Kwa lugha ya gereji ni mtumba. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, na katika safari 22 alizoanza alifika mwisho mara 19. Fikirieni hesabu hiyo, katika mbio ambazo kuna mwaka walirudi saba tu. Mtu huyo alikuwa anasikiliza gari. Alijua kelele ipi inaweza kusubiri mpaka kituo kinachofuata na ipi inamtaka asimame hapohapo, na elimu hiyo aliipata akiwa amelala chini ya magari ya wateja.

Mwaka 1973, mbio zilipoingizwa kwa mara ya kwanza katika mashindano ya ubingwa wa dunia, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Harry Källström wa Sweden walimaliza na adhabu sawasawa, wote wakiwa na Datsun, na ushindi akapewa Mehta kwa sababu alikwenda umbali mrefu zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Mehta aliendelea kushinda mara nne mfululizo, kuanzia mwaka 1979 hadi 1982. Lakini wakati huo sisi wa Usa River tulikuwa hatuoni tena kitu. Kuanzia mwaka 1974 mbio zilibaki Kenya, na mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika na mpaka wa Namanga ukafungwa, hata tetesi zake zilitufikia kwa redio tu.

Sasa nije kwenye kurudi kwake, kwa maana hapo ndipo lilipo jambo langu.

Mwaka 2003, miaka 50 baada ya zile mbio za kwanza, yalianzishwa mashindano ya magari ya zamani yanayoitwa East African Safari Classic, na katika baadhi ya miaka yake yameingia Tanzania na kupita mkoani kwetu. Kanuni zake ni za makusudi: gari liwe la zama zile, liendeshwe na magurudumu mawili tu, na lisiwe na turbo. Hufanyika mara nyingi kuelekea mwisho wa mwaka, kwa hiyo adui mkubwa ni vumbi na mawe kuliko tope, ingawa mvua za vuli nazo hazina adabu. Magari yanayokuja ni yaleyale tuliyoyaona tukiwa watoto, Datsun 240Z, Ford Escort, Porsche 911, na yanashindana kweli, kwa saa, kwa siku nyingi, kwenye njia ambazo daladala ya Noah haithubutu.

Hapa nataka nitue kidogo kwa Björn Waldegård wa Sweden. Mwaka 1974 alikuja kwenye Safari na Porsche 911, akawa wa pili nyuma ya Joginder Singh. Porsche ilikuwa imeshika nafasi ya pili mwaka 1972 pia, ikashika tena ya pili mwaka 1978, na katika zama zake zote 911 haikupata kushinda Safari Rally. Waldegård mwenyewe alishinda baadaye kwa magari mengine, akawa bingwa wa dunia mwaka 1979, akazeeka. Halafu mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 68, mwanawe Mathias akimsomea ramani kiti cha pembeni, akashinda East African Safari Classic kwa Porsche 911. Ilimchukua miaka 37 kuimaliza ile kazi. Mwaka 2015 Stig Blomqvist, mzee mwingine wa Sweden, akashinda naye kwa 911.

Vijana watauliza: gari lilelile lililoshindwa lilipokuwa jipya linashindaje likiwa zee? Maumbile yake hayakubadilika. Injini yake bado iko nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, inapoozwa kwa hewa, kwa hiyo haina rejeta ya kupasuliwa na jiwe, na uzito wake wote unakandamiza magurudumu yanayosukuma, jambo linaloipa mshiko mzuri kwenye changarawe. Kilichobadilika ni kwamba mafundi walikuwa wamepata miaka 30 na zaidi ya kujua inavunjika wapi. Walijua ni bati lipi linapasuka kwanza, wakaliongezea bati la pili. Walijua mahali pa kushikia shokapu panalegea, wakapachomelea upya kwa namna nyingine. Gari halikupata nguvu mpya. Lilipata watu wanaolijua udhaifu wake mmoja baada ya mwingine. Na maarifa hayo yasingepatikana kama magari yote ya aina hiyo yangefungiwa kwenye ukumbi wenye zulia na kamba nyekundu.

Najua wapo wenye hoja tofauti, na baadhi yao wamekaa hapa mbele. Watasema kitu cha thamani hakirushwi makorongoni. Ni hoja ya haki na sitaipuuza. Huko Uingereza kuna uwanja wa Goodwood, uliofunguliwa mwaka 1948 na kufungwa kwa mbio mwaka 1966, kisha mwaka 1998 ukafunguliwa tena kwa mashindano ya magari ya zama zile, na humo huonekana hata Ferrari 250 GTO zikipangana kona kwa kona. Moja ya Ferrari hizo iliuzwa mnadani mwaka 2018 kwa dola za Marekani milioni 48.4. Mwenye gari la namna hiyo anajua kabisa kwamba bodi linaweza kukunjika, na bado analitoa. Waitaliano wao wamechagua njia ya tahadhari zaidi: Mille Miglia yao, iliyokuwa mbio za kasi kwenye barabara za wazi kuanzia mwaka 1927 mpaka ilipositishwa kwa sababu ya vifo mwaka 1957, siku hizi ni mashindano ya kutimiza muda uliopangwa, si ya kumaliza wa kwanza, na hupokea magari ya aina zilizoshiriki enzi zile tu. Mimi naona njia zote mbili ni halali. Ninachokataa ni njia ya tatu, ya kulipulizia gari rangi inayong'aa, kulijaza maji ya betri kwa ajili ya picha, na kuliacha pistoni zigande ndani ya silinda.

Wengine huuliza kama gari lililobadilishwa pistoni, gia boksi na nusu ya bati la chini bado ni gari lilelile. Wenzetu wa Moshi wana jibu nyumbani. Nyumba ya msonge huezekwa upya nyasi zinapooza, nguzo iliyoliwa na mchwa hutolewa na kuwekwa nyingine, na hakuna mjukuu anayesema kwamba hii si nyumba ya babu. Lakini nyumba hiyo ingewekewa madirisha ya alumini, angesema. Ndivyo na magari haya: katika mashindano ya kimataifa ya magari ya zamani, gari hutakiwa kuwa na pasipoti ya kiufundi inayoeleza lilivyokuwa katika zama zake, na mkaguzi hulilinganisha nayo. Kubadilisha kilichochakaa kunaruhusiwa. Kuingiza kitu ambacho zama zile hazikukijua ni udanganyifu, na siku hizi udanganyifu huo ni mwingi kuliko tunavyokiri.

Sasa naomba niwaambie kosa langu mwenyewe, kwa sababu wanafunzi hujifunza zaidi kwa makosa ya mwalimu. Miaka kadhaa iliyopita timu moja ya wageni ilifika mjini hapa na gari la mbio la miaka ya 70, lenye kabureta mbili, likikohoa na kutoa moshi mweusi kila likipandisha. Fundi wao alikuwa ameugua, nikaitwa mimi. Nilitoa plagi moja baada ya nyingine nikazipanga kwenye gazeti, na zote nne zilikuwa nyeusi, masizi makavu yanayofutika kwa kidole. Mnajua maana yake: mafuta mengi, hewa haba. Arusha tuko mita zipatazo 1,400 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Tanga, kwa hiyo kabureta iliyopangwa pwani hulisha injini mafuta kupita hewa iliyopo. Nikatoa jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima mafuta, nikaweka ndogo zaidi, nikalipeleka gari mpaka njia panda ya Monduli na kurudi, nikazitoa plagi tena. Safari hii ncha zake zilikuwa na rangi ya kahawia, kama chai ya maziwa. Nikafunga boneti huku nikijisikia bingwa.

Sikuuliza wanakwenda wapi. Walikuwa wanateremkia pwani. Waliposhuka kupita Moshi hewa ilianza kuwa nzito, wakapita Same na joto lake, na kila mita waliyoteremka ile jeti yangu ndogo ilizidi kuwanyima mafuta. Mafuta yakiwa haba, moto ndani ya silinda unakuwa mkali kupita kiasi. Karibu na Mombo pistoni moja ilitoboka katikati, tundu dogo, na mashindano yao yakaishia hapo, kando ya barabara, wakiuziwa machungwa. Hawakunilaumu; walidhani ni uchovu wa chuma. Nilipoletewa ile pistoni niliitambua kazi ya mikono yangu. Ipo nyumbani mpaka leo, naiwekea kalamu.

Kosa hilo sikulipata kwenye kitabu, wala kompyuta isingelinionyesha, kwa sababu gari la namna hii halina mahali pa kuchomeka kompyuta. Gari la leo linajipima hewa lenyewe na kujirekebisha kila sekunde. La zamani humtegemea mtu aketi, atazame plagi, anuse moshi, aulize njia. Hata petroli ni suala la kuuliza: injini nyingi za zama zile zilijengwa zikitegemea petroli yenye risasi, ambayo ililinda viti vya valvu, na tangu nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoachana nayo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, kwa faida kubwa ya afya za watoto wetu, fundi anayeshusha injini ya zamani bila kuweka viti vya valvu vya chuma kigumu anamwandalia mteja wake kilio.

Ni mafundi wangapi hapa, walio chini ya miaka 35, wamewahi kurekebisha platini, ile swichi ndogo inayoipa plagi cheche, kwa kipande cha geji na kupanga taimingi, yaani wakati wa cheche hiyo, kwa sikio? Nyoosheni mikono, msione aibu. Naona mitatu. Na wazee waliofanya kazi hiyo kila siku mko pale mstari wa mbele, na tusidanganyane, hatuna miaka mingi.

Kwa upande wa magari yenyewe hali ni mbaya zaidi. Mtu wa chuma chakavu anapita na mizani yake, anakuta Peugeot 504 nyuma ya nyumba ya marehemu, imekaliwa na kuku, anaipima kwa kilo. Familia ina shida, inapokea pesa, na siku hiyohiyo gari linakatwa vipande vinne kwa moto wa gesi. Mwaka juzi nilichelewa kwa saa mbili tu kwenye boma moja upande wa Marangu. Nilikuta difu peke yake imebaki majanini, kwa kuwa ilikuwa nzito kuibeba. Difu hiyo ndiyo iliyo chini ya hii 404 nyeupe. Sisemi familia zisiuze. Nasema kabla ya kukata, piga simu kwa mmoja wetu aje aangalie, kwa sababu kifaa kinachouzwa kwa bei ya kilo moja ya sukari huagizwa kutoka Ufaransa kwa miezi mitatu.

Ombi langu ni dogo. Kila gereji iliyowakilishwa hapa imchague kijana mmoja, na kijana huyo akae na mzee mmoja kila Jumamosi mchana kwa miezi sita, akiwa na daftari. Aandike mwanya wa platini, mwanya wa valvu, ukubwa wa jeti kwa Arusha, kwa Moshi ambako ni chini zaidi, na kwa Tanga. Aandike kwa Kiswahili, kwa maneno mnayoyatumia gerejini, si maneno ya kuwafurahisha wakaguzi. Magari ya Classic yatakapopita tena huku, timu zitakuwa na mafundi wao waliotoka nao kwao, lakini saa nane ya usiku, kitu kikivunjika Makuyuni, wataulizia mtu wa karibu. Nataka wakiulizia, apatikane, na alipwe kama fundi, si kama mbeba jeki.

Nimesema sana na jua limeanza kuihamia meza. Hapa mezani kuna kabureta niliyoifungua asubuhi, na jeti zake tano zimechanganyika makusudi kwenye kisahani. Ile mitatu iliyonyooshwa, njooni kwanza. Mzee wetu wa Majengo, shikamoo tena, naomba usogee nawe na kiti chako uwaangalie mikono. Na mwenye 404, tafadhali usiipige stata bado. Tuitoe plagi moja kwanza tuione rangi yake.